Kikao cha Wazazi wa Tumekubali

Nchi yetu ya Ridhaa haina ugomvi. Zamani ulikuwapo, lakini serikali iliuondoa kwa sheria, kama ilivyoondoa nzige na maswali ya nyongeza. Siku hizi watu wawili wakishikana mashati barabarani, askari hawasemi kwamba watu hao wamegombana. Wanasema wamekubaliana kwa njia mbili, na wote wawili wanawekwa ndani mpaka njia ibaki moja.

Kwa hiyo yaliyompata Siwatu, mama yake Mboni, hayawezi kuitwa masaibu. Nayasimulia kama yalivyokuwa, na msomaji mwenye nia njema ataona mwenyewe jinsi tunavyotunzwa.

Siwatu alikuwa fundi cherehani. Alishona sare za shule kwenye baraza ya duka la mafuta ya taa, na hakuwa mtu wa vikao. Katika mikutano ya wazazi alikaa nyuma karibu na mlango, kitambaa mapajani, akikunja pindo. Akiulizwa maoni alisema, "Naungana na waliotangulia," kauli inayopendwa sana nchini kwetu. Angeendelea hivyo mpaka Mboni amalize darasa la saba, kama si uji.

Shule ya Msingi Tumekubali ilikuwa ikiwapa watoto uji saa nne asubuhi. Wazazi tulileta unga na kuni, tukapika kwa zamu. Kazi yote ilisimamiwa na kamati ya wazazi wa kujitolea. Kamati ilikuwa na mwenyekiti, na hapo kwa mwenyekiti ndipo tulipoanza kukubaliana kwa njia mbili.

Mwenyekiti wa kwanza alikuwa Mzee Shomvi. Alijitolea kushika kiti mwaka ambao mwanawe wa mwisho alianza darasa la kwanza, na hakukiachia tena. Mwanawe huyo sasa ana ndevu na anaendesha lori. Mwenyekiti wa pili alikuwa Mama Ngollo, mwenye duka la saruji na sauti ya kuvuka barabara mbili. Alichaguliwa na wazazi siku ambayo Mzee Shomvi alikuwa kitandani na malaria. Mzee Shomvi alipopona alitangaza kwamba uchaguzi uliofanyika yeye akiwa na homa ni sehemu ya homa. Mama Ngollo akajibu kwamba kiti hakiugui.

Usidhani walikuwa wanapigania mshahara. Haukuwapo. Kulikuwa na kiti chenye mto, na haki ya kusimama mbele ya mgeni rasmi siku ya mahafali na kusema, "Kabla sijaketi." Basi.

Mzee Shomvi alitia kufuli jeusi kwenye mlango wa stoo ya unga, ambayo ndiyo hiyohiyo jiko, ili Mama Ngollo asije akawalisha watoto akasifiwa. Kesho yake Mama Ngollo akatia lake la njano, kwa sababu hiyohiyo. Tangu hapo unga wetu ulilindwa kuliko hazina ya taifa. Watoto tu ndio walikosa uji. Ili wasihuzunike, walimu waliwafundisha wimbo wa kuwashukuru wenyeviti.

Ni katikati ya wimbo huo ambapo Mboni alianguka mstarini.

Kwenye zahanati walisema mtoto hana ugonjwa, ana njaa. Kwao ni ng'ambo ya korongo; huamka mapema, akanywa chai kavu akatembea. Siwatu alimbeba mgongoni kurudi nyumbani, ingawa mtoto alikuwa ameshakua na miguu yake inaning'inia. Njiani Mboni akamwambia, "Mama, usimwambie mwalimu kwamba sikumaliza wimbo."

Jumamosi iliyofuata wazazi walipoitwa kwenye kikao, Siwatu alikwenda akakaa mstari wa mbele.

*

Kikao kilifanyika Darasa la Tatu, kwenye madawati ya watoto, magoti yetu yakigusa videvu. Mimi nilikuwamo kwa sababu mke wangu alisema yeye ana kazi.

Serikali haikutuacha peke yetu. Ilimtuma Afisa Maelewano wa Wilaya, Bwana Lwitiko, mtu mnene mwenye viatu vinavyombana. Alikuja na askari wawili na spika, ingawa chumba kilikuwa kidogo kiasi kwamba mtu akipiga chafya wote tunajifuta.

"Ndugu wazazi!" alinguruma ndani ya spika. "Serikali imepata habari kwamba hapa Tumekubali mna maelewano ya pande mbili. Nawapongeza! Ziko wilaya zinalilia maelewano ya upande mmoja tu, haziyapati. Nimeagizwa nije niyapunguze mpaka yafikie kiwango cha kawaida."

Tulipiga makofi. Mzee Shomvi na Mama Ngollo wakasimama kwa pamoja, na kwa pamoja wakasema, "Nafungua kikao."

Bwana Lwitiko alifurahi mno. Kikao kilichofunguliwa mara mbili, alisema, ni imara kuliko kilichofunguliwa mara moja.

Siwatu akainua mkono. "Mheshimiwa, mimi nina swali moja. Uji utapikwa lini?"

"Swali zuri sana, mama. Litajibiwa kwenye mengineyo."

"Na mengineyo ni saa ngapi?"

"Mengineyo, kama jina lake, huja baada ya mengine. Yaani mwisho kabisa, kabla ya kufunga."

Ajenda ya kwanza ilikuwa nani mwenyekiti. Mzee Shomvi alizungumza mpaka adhuhuri kuhusu historia ya kiti, tangu mti ulipokatwa. Mama Ngollo alizungumza kuanzia adhuhuri. Ilipofika alasiri, Bwana Magubu, mzazi mmoja mwenye ng'ombe wa maziwa, aliomba radhi akaelekea mlangoni akakamue. Askari wakasogea wakakutana katikati ya mlango.

"Unakwenda wapi, ndugu mjumbe?" Bwana Lwitiko aliuliza kwa upole.

"Nina ng'ombe, Mheshimiwa. Nitarudi kikao kikiisha. Yaani, kabla hakijaisha."

"Sikiliza. Kikao hufungwa na nani?"

"Na mwenyekiti."

"Mwenyekiti ni nani?"

Bwana Magubu alimtazama Mzee Shomvi, akamtazama Mama Ngollo, akatazama sakafu.

"Umeona," alisema Bwana Lwitiko. "Hilo ndilo tunalojadili. Sasa mtu akitoka kabla kikao hakijafungwa, maana yake hakukubaliana. Na asiyekubaliana, katika nchi ya Ridhaa..." Hakumalizia. Hakuwahi kuwa na haja ya kumalizia.

Bwana Magubu akarudi kwenye dawati lake. Alisema, ukifikiria vizuri, ng'ombe ni mnyama mvumilivu.

*

Hivyo tukabaki, siku ikazaa siku. Wake zetu na waume zetu walitupitishia chakula dirishani, na nguo safi, na habari za misiba. Siwatu aliletewa wali na jirani yake, ambaye ndiye aliyekuwa akimlaza Mboni. Tulilala sakafuni, vichwa chini ya madawati. Kwenda chooni tulisindikizwa na askari, naye alitushika mkono njia nzima ili ionekane kwamba bado tumeungana na kikao. Darasa la Tatu lilihamishiwa nje, likawa linasoma kando ya ukuta, chini ya dirisha letu, na sisi wazazi tukapata bahati ya kurudia jedwali la kuzidisha.

Redio ya taifa ilitutaja kwenye taarifa ya habari. Ilisema kikao cha wazazi wa Tumekubali kinaendelea vizuri na kwamba hakuna mjumbe aliyetoka hata mmoja. Wajumbe kutoka wilaya jirani walikuja kutuangalia dirishani ili wajifunze. Mmoja wao alitutupia karanga.

Siwatu hakutulia. Kwanza alimfuata Mzee Shomvi, aliyekuwa amejitenga pembeni akikunja koti lake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu."

"Mzee wangu, nisamehe nikikosea. Hivi ukimwachia Mama Ngollo kiti, utapungukiwa nini?"

Mzee alilikunja koti, akalikunjua, akalikunja tena. "Nyumbani kwangu mimi ni babu," alisema. "Babu, sogea tufagie. Babu, hama hapo, wageni wanakuja. Babu, umeshakula wewe. Lakini hapa, binti yangu, nikikohoa tu, watu wananyamaza." Akakohoa kidogo ili kumwonyesha, na kweli, watu wakanyamaza.

Siwatu alimwonea huruma. Aliniambia baadaye kwamba huruma ile ilimuudhi, kwa kuwa hakujua aiweke wapi, na mwanawe ana njaa.

Akamwendea Mama Ngollo. "Dada, wewe una duka, una watu wako. Mwachie mzee kiti, watoto wanywe uji."

"Mdogo wangu, hebu usinichekeshe. Nilichaguliwa mimi! Nikiachia leo, kesho mtasema wanawake hawana msimamo. Mimi si wa kuachia. Nimesomesha watoto wanne shule ya bweni mjini bila msaada wa mtu, nitashindwa na babu mwenye kikohozi?"

"Watoto wako wanasoma bweni?"

"Wote. Ulitaka niwalete hapa waje wapange foleni ya uji?"

Siwatu akageuka akamtazama Mzee Shomvi kule pembeni, kisha akamtazama tena Mama Ngollo.

Asubuhi iliyofuata Siwatu, ambaye siku zote alikuwa akiungana na waliotangulia, alisimama mbele ya kikao. "Mheshimiwa," alisema, "hii ni kamati ya wazazi. Mzee Shomvi hana mtoto katika shule hii. Mama Ngollo hana mtoto katika shule hii. Hawa wote wawili si wazazi wa Tumekubali. Sasa sisi tunafungiwa humu kwa ajili ya nini?"

Tulisikia chaki ya mwalimu huko nje. Nilidhani yamekwisha. Nilianza hata kutafuta kiatu changu cha kushoto.

Bwana Lwitiko alitoa kitambaa akajifuta macho. Alichukua spika.

"Ndugu wajumbe! Mmesikia? Mama huyu ametufumbua macho. Kumbe ndugu zetu hawa wawili hawana mtoto hapa! Hawana wanachonufaika! Wanateseka hapa nasi, wanalala chini, kwa ajili ya watoto ambao si wao! Niambieni, kama huku si kujitolea, kujitolea ni nini?"

Tulipiga makofi. Mimi, kama wengi, nilianza kupiga kabla sijaelewa, na nilipoelewa ilikuwa vigumu kuacha. Mzee Shomvi na Mama Ngollo waliinama kwa unyenyekevu. Siwatu aliketi. Alionekana kama mtu aliyesukuma mlango kwa nguvu zake zote akagundua ni ukuta uliochorwa mlango.

*

Saa nne ilipofika alikwenda dirishani. Kawaida saa nne watoto hupiga kelele ya mapumziko, wakakimbizana uwanja mzima. Siku ile walikuwa wameketi. Mboni alikuwa ameegemeza kichwa ukutani, karibu kabisa, mama yake angeweza kumgusa nywele.

"Mboni. Mbona hamchezi?"

"Mwalimu amesema tusikimbie, Mama. Amesema tutunze nguvu mpaka kikao chenu kiishe." Kisha akauliza, "Kikao kinaisha leo?"

Siwatu aliutoa mkono dirishani akamshika kichwa. Alikaa hivyo mpaka kengele ikalia, halafu akageuka, na uso wake ulikuwa mwingine.

"Mheshimiwa, naomba kutoa hoja."

"Toa, mama."

"Mtu haruhusiwi kutoka kikaoni."

"Kabisa."

"Je, kikao kinaruhusiwa kutoka? Kihame, na watu wake wote, kiendelee mahali pengine?"

Bwana Lwitiko alitafuta sheria kichwani mwake, tukimwona akitafuta. Nadhani miguu yake ilimsaidia, maana ilikuwa imevimba mpaka viatu havikufungika. "Sheria inamkataza mtu kukiacha kikao," alisema polepole. "Haijasema neno kuhusu kikao kutembea. Kihamie wapi?"

"Stoo ya unga. Kuna hewa pale."

Hoja ilipita. Askari walileta kamba ndefu wakatuzungushia, ili kikao kisimwagike njiani, nasi tukatoka Darasa la Tatu kama mzigo wa kuni unaotembea. Jua lilituchoma macho. Watoto walisimama wakatushangilia wakidhani ni mahafali.

Tulipofika mbele ya stoo tukasimama. Kufuli jeusi lilikuwapo, la njano lilikuwapo. Jua lilikuwa juu ya vichwa.

"Afungue nani?" aliuliza Bwana Lwitiko.

"Afungue yeye kwanza," alisema Mzee Shomvi. "Atakayetangulia kufungua ndiye aliyeshindwa."

"Mimi? Labda kaburini," alisema Mama Ngollo.

Tulisimama pale jasho likitutiririka ndani ya kamba. Siwatu hakuwatazama. Alisema kana kwamba anajisemea, "Mle ndani, nikikumbuka vizuri, kiti ni kimoja tu."

Sijawahi kuona funguo zikitoka mifukoni kwa kasi ile. Makufuli mawili yalilia kwa sauti moja, mlango ukafunguka, na wenyeviti wetu wawili wakabanana kwenye kizingiti, bega kwa bega, mpaka askari wakawasukuma kwa nyuma. Kiti kilikuwamo kweli: kigoda cha mpishi, chenye mguu mmoja uliolegea. Mzee Shomvi alikalia nusu, Mama Ngollo akakalia nusu, na kila mmoja akaanza kumweleza Bwana Lwitiko kwamba nusu yake ndiyo ya mbele.

Siwatu aliwapita. Alifungua gunia akauchekecha unga, maana wadudu nao walikuwa wamefungua kikao mle. Bwana Magubu akapanga kuni kati ya mafiga. Mimi nilichota maji, nasema hili bila kujisifu. Mwanamke mmoja alishika mwiko, mwingine akaosha sufuria. Hakuna aliyetoa amri.

"Mama, mnafanya nini?" Bwana Lwitiko alishtuka moshi ulipomfikia. "Bado tuko ajenda ya kwanza!"

"Tunayaandaa mengineyo, Mheshimiwa," alisema Siwatu, "ili yakifika yasitukute hatujajiandaa."

Bwana Lwitiko alilipenda sana neno *kujiandaa*. Akarudi kuamua nusu ipi ya kigoda ni ya mbele.

Watoto walipanga foleni na vikombe vyao. Hawakuimba. Mboni alikunywa kikombe, akarudi foleni, akanywa cha pili, na midomo yake ikawa na duara jeupe. Baadaye tukasikia kelele uwanjani, wanakimbizana. Siwatu alisimama na upawa mkononi akisikiliza kelele ile kama watu wanavyosikiliza kaswida.

*

Jioni Bwana Lwitiko alikuwa amechoka. Alitaka nyumbani kwake, na beseni la maji ya moto aweke miguu. Akasimama juu ya gunia, bila spika, akasema, "Ndugu wajumbe, napendekeza Mama Mboni awe mwenyekiti wa kujitolea. Yupo anayepinga?"

Katika nchi ya Ridhaa hakuna anayepinga. Hata Mzee Shomvi na Mama Ngollo hawakupinga. Siwatu mwenyewe alikuwa ameinama akipuliza moto uliokuwa ukizima chini ya sufuria ya maji ya kuoshea vyombo; alipoinua kichwa, macho yamejaa moshi, alikuwa ameshakuwa mwenyekiti.

"Hongera, Mwenyekiti," alisema Bwana Lwitiko. "Mengineyo tumeyanywa. Sasa tamka neno moja tu, funga kikao, watu waende kwao."

Loo, tulivyoinuka! Bwana Magubu alishaanza kulia. Mimi nilikuwa na viatu vyote viwili.

Lakini Siwatu alikuwa akitazama mlango. Mzee Shomvi alikuwa amesimama upande huu wa mlango, kufuli jeusi kiganjani. Mama Ngollo alikuwa upande ule na la njano. Walikuwa wametulia, wanatabasamu, wamekubaliana kwa mara ya kwanza.

"Funga tu, binti yangu," alisema Mzee Shomvi. "Ukapumzike. Stoo tutailinda sisi."

"Ndiyo, mdogo wangu," alisema Mama Ngollo. "Wewe umefanya kazi kubwa."

"Na kesho?" aliuliza Siwatu.

"Kesho tutaitisha kikao," wakasema wote wawili.

Siwatu alimgeukia afisa. "Mheshimiwa, kikao kikiwa hakijafungwa, na wajumbe wako humu, mlango huu unaweza kutiwa kufuli?"

"Haiwezekani! Kufungia wajumbe ni kuingilia uhuru wa kikao. Ni kosa kubwa."

Nilimwona Siwatu akiyapitisha macho yake kwetu, mmoja mmoja. Alimtazama Bwana Magubu, ambaye aliunganisha viganja kama anaomba dua. Alinitazama mimi. Ningependa kusema kwamba nilimtia moyo, lakini nilichofanya ni kuelekeza kidole kwenye viatu vyangu.

Nje, cherehani yake ilikuwa kwenye baraza ya duka, na sare za watu hazijaisha. Mboni alikuwa amekuja mlangoni, begi mgongoni.

"Mama, twende."

"Nenda kwa jirani, mwanangu," alisema Siwatu. "Kesho uje mapema. Uje na kikombe."

"Kwani wewe hurudi?"

Siwatu alikivuta kile kigoda, akakalia. Mguu uliolegea ukalia, ukashika.

"Kikao kinaendelea," alisema. "Ajenda ni kuni za kesho. Nani anajitolea?"

Sauti iliyotutoka sote haikuwa ya makofi. Askari wakaokota kamba yao. Tukaketi, mmoja baada ya mwingine, juu ya magunia na juu ya sakafu. Hatimaye Bwana Magubu akainua mkono. Alisema kuni anazo nyingi tu, zimekauka vizuri, ziko uani kwake pale ng'ambo. Alichokuwa anaomba mwenyekiti amsaidie ni namna ya kwenda kuzichukua.